Ukusanyaji wa vinyago vya Kimakonde Arusha

Ukusanyaji wa vinyago vya Kimakonde Arusha ni shughuli ya kutafuta, kutathmini, kununua na kutunza sanamu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Wamakonde, kama inavyofanyika katika Jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania. Wakusanyaji ni watu wa namna nyingi: watalii wanaonunua kipande kimoja kabla ya kurudi kwao, wakazi wa mjini wanaopamba nyumba, hoteli, wafanyabiashara wanaosafirisha nje ya nchi, na watu wachache wanaokusanya kwa miaka mingi na kujua wanachotafuta.

Neno "kinyago" hapo awali lilihusu zaidi barakoa ya ngoma, yaani sura ya kuchonga ambayo mchezaji huvaa. Leo hutumika kwa sanamu yoyote ya kuchonga, iwe ya mtu, ya mnyama au ya shetani. Vivyo hivyo "Kimakonde" limekuwa jina la mtindo. Wachongaji wanaofanya kazi Arusha si wote Wamakonde, na sanamu inayouzwa kwa jina hilo huenda ilichongwa Mtwara, Dar es Salaam, Mto wa Mbu au hata Kenya. Kwa mkusanyaji, ugumu wa kazi yake unaanzia hapo.

## Jinsi vinyago vilivyofika Arusha

Wamakonde si wenyeji wa Arusha. Nyumbani kwao ni pande zote mbili za Mto Ruvuma: nyanda za juu za Newala na maeneo mengine ya Mkoa wa Mtwara kwa upande wa Tanzania, na nyanda za juu za Mueda katika Jimbo la Cabo Delgado kwa upande wa Msumbiji. Kutoka huko hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Wenyeji wa miteremko ya Meru ni Wameru na Waarusha, na tambarare zinazozunguka mlima huo ni za Wamasai. Watu hao wana sanaa zao, hasa za shanga, ngozi na vibuyu, lakini uchongaji wa sanamu za watu haukuwa miongoni mwa kazi zao kuu.

Katika karne ya 20 Wamakonde wengi wa Msumbiji walivuka Ruvuma kuingia Tanganyika. Wengine walikuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, wengine walikimbia kodi na kazi za shuruti za serikali ya Wareno. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964, viliongeza idadi ya wakimbizi. Wengi walikuwa na ujuzi wa kuchonga kutoka nyumbani, ambako walitengeneza barakoa, sanamu ndogo na vikopo vya tumbaku au dawa vyenye vifuniko vya sura za watu. Dar es Salaam walikuta wanunuzi. Anayetajwa zaidi kati yao ni mfanyabiashara Mohamed Peera, ambaye tangu miaka ya 1950 alinunua kazi zao, akawapa mbao na kuwahimiza wachonge walichokifikiria wenyewe badala ya kurudia vichwa vya wazee na wanawake waliobeba mitungi.

Arusha iliingia katika biashara hiyo kupitia utalii. Mji huu ndio mlango wa Serengeti, Ngorongoro, Ziwa Manyara na Hifadhi ya Arusha iliyo chini ya Meru, na karibu kila msafara wa kwenda mbugani huanzia au kuishia hapa. Wachongaji na wauzaji walifuata wateja. Katika mji mdogo wa Mto wa Mbu, kwenye barabara ya kwenda Manyara na Ngorongoro, kuna wachongaji wenye asili ya kusini wanaofanya kazi mbele ya wageni. Mjini Arusha vinyago huuzwa katika soko la vitu vya sanaa la Barabara ya Fire, ambalo wengi huliita Soko la Wamasai, katika maduka ya katikati ya mji karibu na mnara wa saa, na katika Cultural Heritage Centre, jumba kubwa lililo kando ya barabara ya kwenda Dodoma ambalo majengo yake yameigwa kutoka ngoma, ngao na mkuki.

## Aina

Wachongaji na wauzaji hugawa kazi za Kimakonde katika aina kadhaa, ingawa mipaka yake haiko wazi sana. *Binadamu* ni sanamu za watu katika shughuli za kila siku: mzee anayevuta kiko, mama anayetwanga, mganga na mgonjwa wake. Hii ndiyo inayouzwa kwa wingi, na ndiyo inayorudiwa ovyo zaidi.

*Ujamaa* ni nguzo ya watu wengi waliopandana na kushikana, wote kutoka katika gogo moja. Mtindo huu kwa kawaida huhusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji. Mwanzoni uliitwa *dimoongo*, ukimwonyesha mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake. Baadaye watu waliobebana wakawa ukoo mzima, na jina likabadilika kufuata siasa ya nchi. Wageni wengi wa Arusha huelezwa kwamba sanamu hizi zilibuniwa kuadhimisha Azimio la Arusha la mwaka 1967. Maelezo hayo yanapendeza, hasa kwa kuwa Makumbusho ya Azimio yako katika jiji hilihili, lakini umbo lenyewe lilikuwapo kabla ya Azimio. Azimio lilichangia jina na soko.

*Shetani* ni viumbe vya ajabu: jicho moja, mdomo uliogeuka sikio, miguu ya mnyama, tumbo lenye tundu. Mwanzo wa mtindo huu hupewa Samaki Likankoa, mchongaji wa miaka ya 1950. *Mawingu* ni maumbo laini yaliyopinda, ambayo ndani yake mtazamaji huona uso au mkono bila kuwa na hakika.

Katika maduka ya Arusha aina hizi huchanganyika na vitu visivyo vya Kimakonde kabisa: sanamu nyembamba ndefu za morani wa Kimasai, twiga na vifaru, vyombo vya mawe laini ya Kisii, na kazi za Wakamba zinazoingia kwa barabara ya Namanga. Uchongaji wa Wakamba una historia yake: mwanzilishi wake, Mutisya Munge wa Wamunyu, alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo kinyago kutoka Kenya ni ndugu wa mbali wa kile cha Mtwara. Hakuna ubaya kukinunua, mradi hakijauzwa kwa jina lisilo lake.

## Tathmini ya mbao

Kinyago cha Kimakonde cha kisasa kinachothaminiwa zaidi huchongwa kwa mpingo (*Dalbergia melanoxylon*). Mti huu una tabaka jembamba la nje lenye rangi ya manjano iliyopauka, na kiini cheusi au cha kahawia iliyoiva kinachoelekea zambarau. Kiini hicho ni kizito mno: lita moja ya mbao kavu ina uzito wa takriban kilo 1.2, ndiyo maana huzama katika maji. Mninga una karibu nusu ya uzito huo. Mjakaranda, ambao maua yake hupamba mitaa ya Arusha kuanzia mwezi Oktoba, ni mwepesi zaidi.

Udanganyifu wa kawaida ni kuchukua mti mwepesi, kuupaka dawa nyeusi ya viatu au rangi, na kuuita mpingo. Kipimo cha kwanza ni mkono wa mnunuzi. Sanamu ya sentimita 30 inayobebeka kama kikombe kitupu si mpingo. Kipimo cha pili ni kuigeuza na kuangalia chini, ambako rangi huwa haikufika vizuri au imekwanguka. Kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, kikisuguliwa hapo, kitatoka na weusi kama kuna rangi. Ikiwa mwenye duka anakubali, unga kidogo uliokwanguliwa chini ya sanamu husema kweli: kwenye mpingo unga huwa wa rangi iliyokolea, kwenye mti uliopakwa rangi huwa mweupe au wa maziwa.

Vipimo hivi vina mipaka. Mpingo halisi nao hung'arishwa kwa nta au dawa ya viatu, hivyo weusi kidogo kwenye kitambaa hautoshi kumhukumu muuzaji. Uzito nao hudanganya, kwa sababu kuna miti mingine mizito. Dalili bora ni rangi isiyolingana. Kiini cha mpingo mara nyingi kina mistari ya kahawia, na sanamu iliyo nyeusi tii kila mahali, hata ndani ya mikunjo, inatakiwa kutiliwa shaka kuliko ile yenye mabaka. Kwa sababu hiyo wachongaji wengi huacha kipande cha tabaka la manjano kwenye kitako au mgongoni, kiwe ushahidi wa mti. Wapo pia wanaokitumia kwa ustadi, mathalani kama kilemba cha bibi au povu la mawimbi.

## Tathmini ya kazi

Kanuni ya zamani ya uchongaji huu ni kipande kimoja cha mti, bila kiungo. Mkono ulionyooshwa, mtoto aliye mgongoni, mnyororo wa pete zinazocheza: vyote vinatakiwa vitoke katika gogo lilelile. Hapa kinyago kinapishana kabisa na midoli ya plastiki ya wahusika wa katuni za Kijapani, kama ile ya figma na S.H.Figuarts iliyoanza kuuzwa mwaka 2008. Katika midoli hiyo mkusanyaji huhesabu viungo na kujaribu kama goti linakunjika na kusimama imara. Kwenye kinyago, kiungo ni kasoro. Mguu uliogundishwa maana yake ni kwamba ulivunjika wakati wa kuchonga au wa kusafirisha, au kwamba mchongaji alitumia vipande viwili ili kuokoa mbao. Kiungo hutafutwa kwa kufuata mishipa ya mti: ikikatika ghafla mahali pamoja na kuanza upya kwa mwelekeo mwingine, hapo pana gundi.

Baada ya hapo huja ubora wa mkono wenyewe. Mchongaji huanza na gogo na shoka au panga, akaingia kwenye umbo kwa tezo, kisha patasi na nyundo ya mti, halafu tupa, na mwisho msasa wa daraja tofauti. Kazi ya haraka huruka hatua za katikati. Alama zake ni makwaruzo ya tupa yaliyobaki kwenye makwapa na nyuma ya masikio, vidole vilivyochorwa kwa mistari badala ya kutenganishwa, na macho yanayofanana kwa watu wote.

Mahali pazuri pa kuangalia ni mgongoni. Sanamu iliyochongwa kwa ajili ya rafu ya duka huwa na uso mzuri na mgongo bapa. Mchongaji aliyeijali kazi yake huimaliza pande zote, kwa sababu alikuwa akiizungusha mapajani mwake muda wote. Katika nguzo ya ujamaa, mkusanyaji mwenye uzoefu hawatazami sana watu wa nje. Huchungulia wa ndani: je, wale waliofichwa kati ya miili mingine wana sura zao, au ni matundu tu yaliyotobolewa ili nguzo ionekane wazi? Kuchonga uso mahali ambapo patasi haifiki kwa urahisi huchukua siku nyingi, na karibu hakuna mtalii anayeuona. Ukikutwa huko uso uliokamilika, mdomo na kope, basi kipande hicho kina thamani kuliko jirani yake mwenye urefu maradufu.

Shetani na mawingu hupimwa kwa namna nyingine, maana huwezi kusema pua haiko mahali pake. Watu huangalia kama umbo linakwenda pamoja na mti: tawi, fundo na tundu la asili vilivyotumika badala ya kukatwa. Kwa maoni ya wengi, shetani wa kweli ni yule ambaye hawezi kuchongwa mara ya pili, kwa sababu hakuna gogo jingine la namna ile. Duka lenye mashetani kumi wanaofanana limeuza wazo hilo zamani.

## Jina la mchongaji

Kinachopotea zaidi kati ya kusini na Arusha ni jina. Mchongaji humuuzia mfanyabiashara, naye huunganisha mzigo wa watu wengi, na mwenye duka wa Arusha hupokea gunia la sanamu. Mteja akiuliza nani alichonga, jibu huwa "Mmakonde". Ni sawa na kuuliza nani aliandika kitabu na kujibiwa "Mswahili".

Hasara ya kupotea huko inaonekana kwa wachache ambao majina yao yalihifadhiwa. John Fundi, aliyezaliwa Msumbiji mwaka 1939 na kufanya kazi Tanzania hadi alipofariki mwaka 1991, kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho makubwa ya *Magiciens de la terre*. George Lilanga (1934–2005) alianza kama mchongaji katika kusini mwa Tanzania kabla ya kujulikana duniani kwa picha zake za rangi zilizotoka Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani wanaocheza katika picha zake ni walewale wa mpingo. Hawa wawili hununuliwa kwa majina yao, na kila kazi yao mpya inayopatikana huchunguzwa na kuandikwa. Mtu aliyechonga kwa ubora uleule katika kibanda cha jirani, lakini jina lake halikuandikwa, kazi yake hupimwa kwa kilo na sentimita.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, sanamu zikiwemo, lakini ni vigumu kudai haki juu ya kazi isiyojulikana ni ya nani. Baadhi ya wachongaji wameanza kuchonga majina au herufi zao chini ya sanamu. Sahihi hiyo nayo huchunguzwa. Herufi zilizokatwa na mchongaji kabla ya kung'arisha huwa na kingo laini na rangi sawa na sehemu nyingine ya kitako. Zilizoongezwa dukani huwa na kingo kali na rangi hafifu ndani ya mkato.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji makini hununua kwa mchongaji mwenyewe anapoweza, kwa mfano Mto wa Mbu au kwenye karakana ambako kazi inafanyika mbele ya macho yake, na huandika palepale: jina la mchongaji na kwao, tarehe, mahali, aina ya mti, urefu, uzito, na maelezo ya mchongaji kuhusu sanamu hiyo. Picha ya kitako ni muhimu kama picha ya uso. Daftari la namna hiyo ni kazi ya dakika tano. Bila hilo, baada ya miaka thelathini mkusanyiko wa vipande hamsini unabaki kuwa mbao hamsini nzuri.

## Barakoa za kale

Barakoa za ngoma za Wamakonde huitwa *mapiko* (umoja *lipiko*), na zina soko tofauti na la sanamu. Lipiko huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huona kupitia mdomo wake. Kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi na kuta nyembamba, mara nyingi ikabandikwa nywele za watu na kutiwa chale za nta. Hili peke yake linatosha kupinga madai mengi yanayosikika madukani: barakoa nzito ya mpingo haijawahi kuchezewa ngoma, maana hakuna shingo inayoweza kuihimili usiku kucha. Ni kitu cha ukutani kilichochongwa kwa ajili ya kuuzwa. Uchakavu nao hutengenezwa kwa moshi, udongo na mafuta. Uchakavu wa kweli huwa ndani, mahali ambapo jasho na paji la uso la mvaaji limeisugua, si puani ambako muuzaji hupaka masizi.

Barakoa za kweli za kale zina hatari nyingine. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa pamoja na vitu vingine kutoka Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Ilinunuliwa mwaka uliofuata na Jumba la Makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, Uswisi, na baada ya mazungumzo ya muda mrefu ilirudishwa Tanzania mwezi Mei 2010. Tangu hapo hutajwa kila panapojadiliwa urejeshaji wa mali za kitamaduni. Kwa mnunuzi wa Arusha maana yake ni kwamba "ya zamani sana" isiwe sifa ya kumvutia bali swali la kuuliza: ilitoka wapi, kwa nani, na lini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia kutoa nchini vitu vya kale bila kibali, hata kama mnunuzi alilipa kwa nia njema.

## Bei

Bei haina jedwali. Mchongaji mara nyingi hulipwa kwa kipande, mfanyabiashara huongeza usafiri na hasara ya vilivyovunjika njiani, mwenye duka huongeza kodi ya nyumba, na kiongozi wa watalii aliyemleta mteja mara nyingi hutarajia chochote. Sokoni Barabara ya Fire bei ya kwanza hutajwa kwa kutegemea kupatana, wakati maduka makubwa huwa na bei iliyobandikwa. Kutofautiana huko hakupimi ubora. Kipande kilekile huweza kuwa pande zote mbili za mji kwa bei mbili, na kazi bora sana za ujamaa hupatikana zaidi katika kumbi kubwa kwa sababu ni wao wanaoweza kumlipa mchongaji kwa miezi.

Wakusanyaji wengine huona fahari kupatana hadi bei ya chini kabisa. Ni vyema kukumbuka kwamba kinachopunguzwa kwanza si faida ya duka bali malipo ya mzigo unaofuata kutoka kwa mchongaji, na mchongaji anayelipwa kidogo hujibu kwa kuchonga haraka.

## Utunzaji

Mpingo hukauka polepole sana. Gogo likichongwa likiwa bichi, na sanamu ikatoka kwenye joto lenye unyevu la pwani kuja Arusha, iliyo mwinuko wa takriban mita 1,400, inaweza kupasuka miezi mingi baada ya kununuliwa. Hatari huongezeka inapopelekwa Ulaya au Marekani Kaskazini, kwenye nyumba zenye hewa kavu ya kipasha joto. Ufa huanzia moyoni mwa gogo na kutoka nje, ndiyo maana sanamu ambayo kiini cha gogo kiko katikati ya kitako hupasuka kwa urahisi kuliko iliyochongwa kutoka upande mmoja. Nyufa ndogo huzibwa na wachongaji kwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi, na kazi hiyo ikifanywa vizuri haishushi sana thamani mradi inatajwa.

Sanamu isiwekwe dirishani, juani, wala karibu na jiko. Vumbi hutolewa kwa brashi laini na kitambaa kikavu, na nta kidogo isiyo na rangi hupakwa mara moja au mbili kwa mwaka. Kuosha kwa maji na sabuni huondoa mng'ao na kuingiza unyevu kwenye nyufa. Wadudu hawaupendi weusi wa mpingo, lakini hula tabaka la manjano. Vitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake ni dalili kwamba sanamu itengwe na nyingine mara moja. Miti laini, kama ile ya mapiko, inashambuliwa zaidi, na majumba ya makumbusho hutumia ugandishaji wa baridi kali kuua wadudu bila kutumia sumu.

## Mti na masharti ya kusafirisha

Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa, kwa makadirio ya kawaida miaka 70 au zaidi, na wachongaji wanaushindania na viwanda vya nje vinavyotengeneza zumari za Kizungu kama klarineti na obo. Hauoti katika misitu yenye mvua ya Meru bali katika nchi kavu. Sehemu kubwa ya mbao hutoka kusini, ambako vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi wa misitu, vya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Karibu na Arusha, mjini Moshi, mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa (aliyefariki mwaka 2014) na Mmarekani James Harris walianzisha mwaka 1996 mradi wa kupanda na kuhifadhi mpingo.

Uvunaji nchini unahitaji leseni chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kimataifa, tangu tarehe 2 Januari 2017 mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Bidhaa zilizokamilika zimeachiwa nafasi ya kupita bila kibali cha mkataba huo iwapo uzito wa mbao katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10, hivyo mgeni mwenye sanamu moja mkobani kwa kawaida hana tatizo. Nguzo ya ujamaa yenye urefu wa mtu huvuka kiwango hicho kwa mbali. Risiti ya duka inayotaja aina ya mti husaidia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na hata mwisho wa safari.

## Makusanyo ya kulinganisha

Jicho la mkusanyaji hufundishwa kwa kuona kazi nyingi nzuri. Arusha, kumbi za Cultural Heritage Centre huonyesha vipande vikubwa ambavyo mtu anaweza kuvizunguka bila kununua. Dar es Salaam kuna Makumbusho ya Taifa na kijiji cha wachongaji cha Mwenge. Vitu vya kale vilivyokusanywa na Mjerumani Karl Weule katika safari yake ya kusini mashariki mwaka 1906 viko Leipzig, na vinasaidia kuona uchongaji ulivyokuwa kabla ya soko la watalii, wakati mpingo haukuwa mti mkuu wa kazi hiyo. Japani ina jumba zima la makumbusho la sanaa ya Kimakonde, mjini Ise katika Mkoa wa Mie.